Pivo mpya tunamupima na nini? Kesi ya Mutombo kule Philadelphia, 2001



Kila mara pivo mmoja anahamishwa toka ekipe moja kwenda ingine, mabishano inakuwa ileile. Hajamaliza hata mechi kumi, tayari kwenye vikundi vya simu watu wamegawanyika. Bamoja banasema: "Ule muzee alikuja kula pesa tu, anatembea sawa mutu anatoka ku kilio." Bengine banajibu: "Mumuache kwanza, anazoea." Kila upande unaleta namba zake, mega zinaisha, na hakuna aliyebadili mawazo. Mi naona tatizo haiko mchezaji. Tatizo ni kwamba tunabishana juu ya matarajio bila mtu kusema yalikuwa matarajio gani, wala tunalinganisha na nini.

Ndiyo maana leo nataka tuchukue kesi iliyokwisha kufungwa, tena kesi yetu wenyewe: Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, alipopelekwa Philadelphia mwaka 2001. Namba zote ziko wazi, hakuna wa kusema "tungoje mwisho wa msimu".

Nikumbushe kwa wadogo. Kule Marekani, ekipe hazinunuani wachezaji kama kwenye futbol ya Ulaya. Zinabadilishana, sawa mama wa soko anatoa kikapu cha maharagi anapata bido ya mafuta. Tarehe 22 mwezi wa pili 2001, Philadelphia ilitoa Theo Ratliff, Toni Kukoč, Nazr Mohammed na Pepe Sánchez kwa Atlanta, ikapata Mutombo. Siku hiyo Philadelphia ilikuwa na ushindi 41 na kushindwa 14. Ilikuwa mbele katika kanda ya Mashariki. Kwa hiyo watu walishangaa: ekipe inayoshinda namna ile, inavunja nyumba kwa sababu gani? Na ule anayeletwa ana miaka 34!

Tusikilize kwanza wale wanaosema hakujibu matarajio, juu hawako wajinga.

Moja: kabla yake, 41 kwa 14. Baada yake, mpaka mwisho wa msimu wa kawaida, 15 kwa 12. Kihesabu, ekipe ilishuka. Mbili: aliletwa ili ekipe iweze kusimama mbele ya pivo wakubwa, na mkubwa wao wote alikuwa Shaquille O'Neal wa Lakers. Sasa kwenye fainali, Shaq alifunga pointi 33 kila mechi na rebo karibu 16. Lakers walichukua kombe 4 kwa 1. Tatu: kiangazi kilekile alipewa mkataba wa miaka 4, zaidi ya dolari milioni 60. Mwaka uliofuata ekipe ilimaliza 43 kwa 39, ikatolewa na Boston katika duru ya kwanza. Mwezi wa nane 2002 akapelekwa New Jersey, na huko aliumia mkono, akacheza mechi 24 tu za msimu wa kawaida.

Upande wa pili nao wana vyao. Philadelphia ilifika fainali, kitu ambacho haikuwa imefanya tangu 1983. Katika pleyofu za 2001 Mutombo alikuwa na wastani wa pointi karibu 14 na rebo karibu 14. Mechi ya saba na Milwaukee, ile ya kufa ao kupona, alitoa pointi 23, rebo 19 na kontre 7. Mwaka ule alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa defansi mara ya nne, baada ya 1995, 1997 na 1998.

Sasa, tukiishia hapa, kila mtu atarudi nyumbani na alichokuja nacho. Ndiyo namna mabishano yetu yanakwisha siku zote: huyu anatupa 15 kwa 12, ule anatupa kontre 7. Tuendelee mbele kidogo.

Sisi tuliosoma kilimo, kitu cha kwanza wanatufundisha kabla ya kujaribu mbolea yoyote ni kuacha kipande kimoja cha shamba bila kutia kitu. Wanakiita temwe, maana yake shahidi. Udongo uleule, mbegu ileile, mvua ileile, ila mbolea hakuna. Ukivuna mihindi mingi pale ulipotia mbolea na huna temwe, hujui kama ni mbolea ilifanya kazi ao ni mvua ilinyesha vizuri mwaka ule. Unaweza kuandika ripoti ya kurasa 40, lakini hujui.

Mashabiki wa basketi wanabishana bila temwe. Tujaribu kuitafuta.

Ile hesabu ya 41 kwa 14 inaonekana kuwa temwe nzuri, lakini si nzuri. Inalinganisha Mutombo na Ratliff mzima. Na Ratliff hakuwa mzima tena. Msimu ule alikuwa anaongoza NBA kwa kontre, kweli, lakini mkono wake ulikuwa umevunjika kabla ya kubadilishwa. Kule Atlanta hakucheza hata mechi moja iliyobaki ya msimu ule, na msimu uliofuata alicheza 3 tu. Kwa hiyo kocha Larry Brown hakuwa anachagua kati ya Mutombo na Ratliff mwenye nguvu. Alikuwa anachagua kati ya Mutombo na fasi tupu katikati ya uwanja. Ukiuliza "ekipe ilishuka kwa nini?", uliza kwanza ingeshuka mpaka wapi bila yeye.

Juu ya Shaq, hapa bahati nzuri temwe ipo, ao kitu kinachofanana nayo. Shaq alicheza fainali tatu mfululizo na Lakers, akazishinda zote. Mwaka 2000 na Indiana, pivo wao alikuwa Rik Smits: Shaq alifunga wastani wa pointi 38. Mwaka 2001 na Philadelphia, pivo Mutombo: 33. Mwaka 2002 na New Jersey, pivo Todd MacCulloch: 36. Muangalie tena: ile mwaka tunayosema Mutombo alionewa, ndiyo mwaka Shaq alipata kidogo kuliko yote mitatu. Na katika ile tano, Mutombo naye alimrudishia pointi karibu 17 na rebo 12 kila mechi. Shaq mwenyewe alilalamika mbele ya wandishi kwamba Mutombo anajiangusha. Mutu ambaye hasumbuliwi halalamiki.

Nijibu mapema wale watakaosema "enjiniya, mechi tano haziko jaribio". Ni kweli. Ekipe zilikuwa tofauti, Kobe Bryant alikuwa anakua, na mwaka 2002 zilikuwa mechi nne tu. Temwe hii ina kasoro. Lakini temwe yenye kasoro inapita mabishano bila temwe. Tena kuna utamu mmoja: ule MacCulloch wa 2002 alikuwa msaidizi kule Philadelphia mwaka 2001, na New Jersey ilipomutaka Mutombo, ilimutoa yeye pamoja na Keith Van Horn. Yaani, New Jersey iliona kwa macho yake pivo wake anavyofanywa na Shaq, ikaenda kutafuta mutu aliyemupunguza. Watu wa kazi walikuwa wamesoma namba zilezile tunazosoma leo.

Sababu ya pili tunakosea juu ya pivo wa defansi ni kwamba kazi yake nyingi haiandikwi. Kontre inaandikwa, rebo inaandikwa. Lakini mchezaji anayeingia mpaka karibu ya panye, anaona ile mikono mirefu, anageuka na kutoa mpira nje: hiyo nani anaiandika? Hapa kwetu milimani tunaielewa vizuri. Mutu anapanda majani ya kufunga udongo kwa mstari, toka upande hadi upande wa mteremko. Msimu wa mvua unapita, anavuna maharagi yake, jirani wanasifu mbegu. Yale majani hakuna anayeyasifu, juu kazi yao ni udongo ambao haukwenda mtoni. Huwezi kuweka kwenye kilo kitu ambacho hakikutokea. Siku yaking'olewa ndiyo unaona.

Lakini tuwe waangalifu. Neno "kazi yake haionekani" ni tamu sana, na kila mvivu atalikimbilia. Kama kila pivo anayeshindwa tutamutetea hivyo, basi hakuna pivo mubaya tena ulimwenguni. Ndiyo maana narudi kwenye temwe. Majani ya kufunga udongo unaweza kuyapima: angalia mteremko wa jirani ambaye hakupanda. Ukisema mchezaji anafanya kazi isiyoonekana, onyesha ekipe inakuwaje akikaa kwenye benchi, ao mpinzani uleule anafanya nini mbele ya mwingine. Kama huna, nyamaza kwanza.

Na matarajio yenyewe hayakuwa moja. Hapa ndipo mi naona pande zote mbili zinajichanganya. Matarajio ya mwezi wa pili 2001 yalikuwa: ziba fasi ya Ratliff, tufikishe fainali, simama mbele ya Shaq. Ya kwanza aliifanya, ya pili aliifanya, ya tatu aliifanya kuliko waliomtangulia na waliomfuata, hata kama kombe halikuja. Lile kombe halikuwa deni lake peke yake. Lakers walikuja fainali wakiwa wameshinda mechi 11 bila kushindwa hata moja, na ile moja waliyopoteza katika pleyofu zote, waliipoteza mbele ya Philadelphia, siku Allen Iverson alifunga pointi 48.

Matarajio ya mkataba ni kitu kingine: baki hivyo miaka minne, ukitoka 35 ukienda 39. Hayo hakuyajibu, na sidhani yalikuwa ya haki. Umri ni umri. Kiangazi kilekile Hakeem Olajuwon, mkubwa kuliko wote kwa kontre, alipelekwa Toronto akiwa na miaka 38. Alicheza msimu moja tu, pointi 7 na rebo 6 kwa mechi, kiisha akaacha. Aliyekosea ni aliyetia saini akidhani mavuno ya mwaka moja yatajirudia bila shamba kuchoka. Kwa hiyo jibu langu ni hili: ubadilishanaji ulikuwa mzuri, mkataba ulikuwa mubaya, na Mutombo anahukumiwa kwa cha pili watu wakidhani wanahukumu cha kwanza.

Tangu alipofariki, tarehe 30 mwezi wa tisa 2024, kuna pia wanaosema kumujadili hivi ni kukosa heshima. Wanatuletea hospitali ya Biamba Marie Mutombo kule Masina, aliyoijenga kwa jina la mama yake. Mi naiheshimu sana ile hospitali. Lakini hospitali haizuii mpira hata moja, na Mutombo hahitaji tumuhurumie uwanjani. Kontre 3.289 katika maisha yake, wa pili nyuma ya Olajuwon. Mutu wa namna ile anastahili kupimwa sawasawa. Kumusifu bila kupima ni njia nyingine ya kutomuangalia.

Kwa nini nawachosha na mambo ya 2001? Juu hii namna ya kupima haibaki kwenye basketi. Wengi wetu humu tumemaliza lisansi, tumeingia kazini tukiwa "pivo mpya". Agronome kijana anapelekwa kijiji ambacho yule aliyemtangulia alikimbia ao aliumwa. Kiisha miezi mitatu mkubwa wa mradi anauliza: "Mbona namba zimeshuka?" Hakuna anayeuliza zingekuwa wapi kama fasi ingebaki tupu. Nyumbani nako, mutoto amemaliza masomo, jamaa yote inahesabu mwaka wa kwanza ameleta nini, na hawahesabu deni ambazo hazikuongezeka, wala wadogo ambao hawakutoka shuleni. Na siye wenyewe tunafanya hivyo kwa wengine: mwalimu mpya, muganga mpya, kamati mpya ya asosiasyo. Mechi kumi, hukumu imetoka.

Kwa hiyo, mara ijayo pivo akihamishwa na vikundi vikaanza kuwaka, mi naomba kila mutu aandike vitu vitatu kabla ya kutukana. Aliletwa kufanya nini, kwa neno moja? Kama asingekuja, nani angekuwa pale? Na kuna wapi tunaweza kuona kazi ileile mikononi mwa mwingine? Mwenye kujibu hayo matatu, hata akisema mchezaji ni mubaya, nitamusikiliza mpaka mwisho.

Wale wa Butembo najua munanisubiri na Iverson wenu. Leteni namba, lakini leteni na temwe.