Nafsineni ya "Malaika" katika Sauti ya Mwanamke

Wimbo "Malaika", ambao Fadhili William aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ambao utunzi wake umezua mgogoro, umekuwa wa kawaida kwa bendi za hoteli za pwani ya Kenya, Diani ikiwemo. Nafsineni yake ni kijana apendaye lakini asiye na mali ya kuolea. Swali la kihakiki ni hili: wimbo hubadilikaje unapoimbwa na mwanamke?

Miriam Makeba, aliyekulia katika jazi ya Johannesburg, aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika albamu yao ya 1965. Viambishi nafsi vya Kiswahili havibainishi jinsia. Kwa hiyo mwanamke anaweza kuuimba bila kugeuza neno. Hata hivyo, kwa desturi mtoaji mahari ni mwanamume. Katika mkinzano huo ndimo ufasiri mpya unamozaliwa: ufukara uliokuwa fedheha ya mmoja unakuwa msiba wa wawili, na mpendwa aliyekuwa akiimbiwa tu anapata kauli.

Ufukweni Diani, mtalii asiyejua Kiswahili huambulia lahani tupu. Msikilizaji wa Msambweni, anayejua uzito wa mahari, husikia zaidi. Mwimbaji wa kike wa hotelini anarithi uwezo ule ule alioufungua Makeba. Akiuimba wimbo kama kiburudisho tu, anaupoteza. Upya wa ufasiri, basi, haupimwi kwa mapambo ya sauti, bali kwa maana inayorudishiwa maneno yaliyozoeleka.