Ufundi wa Kunyamazisha Uwanja wa Wenyewe

Jumapili timu yetu inacheza Kisangani. Kutoka hapa Yangambi ni takriban kilomita 100, na maji ya mto Kongo yanashuka kutoka huko wanakokwenda, kwa hiyo vijana watasafiri wakipingana na mkondo njia nzima. Boti ya mbao iliyojaa abiria, magunia ya mahindi na madumu ya mawese haina haraka. Watashuka na miguu iliyokufa ganzi, watalala kwa ndugu wa huyu na shemeji wa yule, na kesho yake wataingia uwanjani mbele ya watu wanaotamani kuwaona wakifungwa. Hata hivyo nina matumaini makubwa. Mapenzi yamo, siwezi kukana, lakini zaidi ya mapenzi najua vijana hawa wanao ufundi mmoja ambao mashabiki tunausifu kidogo mno: ufundi wa kucheza ugenini.

Nyumbani timu huingia uwanjani na kitu ambacho haikukitolea jasho, nacho ni sauti ya watu. Pasi ya kawaida hupigiwa makofi, kona huwa kama nusu bao, refa naye ni binadamu mwenye masikio. Ugenini hayo yote yanahamia upande wa pili. Mchezaji anabaki na mpira, wenzake kumi, na akili yake. Kwa hiyo nikitaka kujua timu ni nzuri kiasi gani, siangalii ilivyomfunga nani kwao. Naangalia inavyovuka dakika kumi na tano za kwanza katika uwanja wa watu.

Ufundi huo huanza kabla ya filimbi. Kiungo wetu mkabaji, namba sita, ni kijana anayefanya kazi kwenye vitalu vya michikichi. Akifika uwanja wa ugenini anavua viatu na kuuvuka peku, kutoka mstari hadi mstari. Anatafuta majani yaliposhika na yalipokwisha, mahali maji ya mvua ya mchana yanapotuama, na kona ambayo mpira ukidundishwa hauinuki. Kisha anarusha mpira juu mara kadhaa, akiutazama unavyoanguka, na anamwambia kipa upande upi wa goli una ardhi ya kudanganya. Huwa anauliza pia jua linazama nyuma ya goli lipi. Huku kwetu karibu na ikweta jua la saa kumi na moja jioni hushuka haraka na kumpiga kipa machoni, na nahodha aliyeshinda sarafu bila kulifikiria hilo amekwisha kutoa zawadi.

Filimbi ikilia, kazi yenyewe ni ya subira. Umati wa nyumbani unaishi kwa vitu vya mapema: shuti la mapema, kona ya mapema, beki mgeni anayeteleza mara moja tu. Timu yenye ufundi inaunyima umati vitu hivyo. Beki wa kulia na wa kushoto hawapandi pamoja. Mpira unarudishwa kwa kipa, kipa anamsubiri mshambuliaji amkaribie ndipo anaucheza. Krosi zikija anazidaka kabisa, hazipigi ngumi, kwa maana mpira uliopigwa ngumi unarudi uwanjani na kelele zinarudi nao. Faulo ikibidi, ifanywe katikati ya uwanja, mbali na eneo la hatari. Mpira wa kurusha urushwe upande ule usio na ngoma za wenyeji. Wazee wetu huita huko kuupooza mchezo, na ni kazi ngumu kuliko kukimbia.

Ukikaa jukwaani utausikia ufundi huu kabla hujauona. Kwanza sauti ya uwanja ni moja, nene, hujui nani anasema nini. Haipati cha kushikilia, inashuka. Baadaye unaanza kutofautisha watu: mwanamke anayeuza karanga, mtoto anayemwita kaka yake, mzee anayelaumu. Halafu, karibu na dakika ya thelathini ikiwa mambo yamekwenda sawa, wenyeji wanaanza kumzomea winga wao wenyewe. Hapo mechi imegeuka, ingawa ubao bado unasoma sifuri kwa sifuri. Naipenda dakika hiyo kuliko bao. Bao linaweza kuja kwa bahati, lakini uwanja mzima haunyamazi kwa bahati.

Wapo wanaosema huu ni uoga uliovikwa nguo nzuri, au kupoteza muda tu. Hapana. Kipa anayelala chini kila akidaka, akijishika goti lisilouma, si fundi. Anawapa wenyeji hasira, na hasira ni chakula cha umati. Kijana anayebishana na refa anafanya kosa hilohilo. Sheria ya ufundi huu ni kuwanyima wenyeji kila kitu cha kulisha kelele zao, na hila ni cha kwanza katika vitu vya kuwanyima.

Tena si ufundi wa kuazima kwa wengine. Umo katika damu ya mpira wa nchi hii. Machi 1974, katika nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, Zaire, kama tulivyoitwa wakati huo, ilikutana na Misri huko Cairo, kwao Misri, ikatanguliwa mabao mawili. Ndaye Mulamba akafunga karibu mara tu baada ya lile bao la pili, Kidumu akasawazisha, Ndaye akafunga tena, na mechi ikaisha 3 kwa 2. Waliokuwa wakishangilia fainali yao wakaenda nyumbani. Katika fainali Ndaye alifunga mabao yote mawili ya sare ya 2 kwa 2 dhidi ya Zambia, kisha yote mawili katika mechi ya kurudiwa. Mabao yake tisa ya mashindano yale bado hayajafikiwa na mtu katika awamu moja ya Kombe la Mataifa. Lakini nikimfikiria Ndaye namfikiria kwanza katika zile dakika baada ya bao la pili la Misri, uwanja ukiwa umewaka, yeye akiuchukua mpira kana kwamba hasikii.

Kuna sehemu ya ufundi huu ambayo ni chungu zaidi kuisifu, nayo ni kujua kufungwa. TP Englebert, ambayo leo ni TP Mazembe, ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika wa mwaka 1968 baada ya kuwafunga Étoile Filante ya Togo 5 kwa 0 nyumbani. Kule Lomé ilifungwa 4 kwa 1, na bado kombe likaja Kongo. Mwaka 1973 AS Vita Club ilifungwa 4 kwa 2 na Asante Kotoko huko Kumasi. Wangeweza kurudi wakilia. Walirudi na mabao mawili mfukoni, Kinshasa wakashinda 3 kwa 0, wakawa mabingwa kwa 5 kwa 4. Mwaka 2009 Mazembe ilipigwa 2 kwa 1 na Heartland ya Nigeria huko Owerri, ikashinda 1 kwa 0 Lubumbashi, na lile bao moja la Owerri, kwa kuwa lilikuwa la ugenini, likaamua kila kitu. Mataji matatu, na katika kila moja kuna mechi ya ugenini waliyofungwa bila kuvunjika. Mchezaji anayefukuza bao katika dakika ya themanini na tano akiwa nyuma 2 kwa 1, kisha akarudi mbio kuzuia la tatu, anaifanyia kazi mechi ijayo. Kocha wa kweli humpongeza mtu huyo kabla ya mfungaji.

Wasomaji wa Tanzania wana mfano wao ndani ya historia yetu. Mwaka 2015 Mbwana Samatta alikwenda Algiers na Mazembe kucheza mechi ya kwanza ya fainali ya ubingwa wa klabu za Afrika dhidi ya USM Alger. Mazembe walishinda 2 kwa 1, Samatta akifunga kwa penalti, na Lubumbashi wakamalizia kwa 2 kwa 0, yeye akifunga tena. Kijana wa Mbagala akipiga penalti Algeria kwa niaba ya watu wa Katanga: kila kitu katika sentensi hiyo ni ugenini.

Na hivi karibuni Leopards, timu yetu ya taifa, wametufundisha somo hilo kutoka pande zote mbili katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia. Septemba 2025, katika uwanja wa Martyrs mjini Kinshasa, mbele ya watu wao, waliongoza Senegal 2 kwa 0 na wakafungwa 3 kwa 2. Sauti ya nyumbani haikuwaokoa. Nadhani hata iliwakimbiza zaidi ya pumzi yao. Novemba mwaka huohuo, mbali na kwao, mjini Rabat, waliitoa Kameruni kwa bao la Chancel Mbemba katika dakika za nyongeza, kisha Nigeria kwa penalti. Kabla ya penalti hizo kocha alimtoa kipa na kumwingiza Timothy Fayulu kwa kazi hiyo moja. Mtu anayetoka benchi akiwa baridi kabisa, akaenda golini akatulia: huo nao ni ufundi wa ugenini katika umbo lake dogo kabisa.

Yangambi tunapaswa kuuelewa ufundi huu kuliko wengi. Kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa hapa na Wabelgiji mwaka 1933, ambacho leo ni INERA, kimejenga jina lake kwa vitu vinavyofanya vizuri mbali na kwao. Ndizi inayoitwa Yangambi Km 5 inapandwa hadi Kagera, Tanzania, kwa kuwa inastahimili ugonjwa wa majani uliozichosha ndizi nyingine. Iliondoka hapa ikaenda kwenye udongo wa watu na mvua ya watu, ikazaa. Nikimwona namba sita wetu akitembea peku kwenye uwanja wa wageni, naiona ndizi ile.

Nasi mashabiki tuna sehemu yetu. Wachache wenye nauli watapanda boti pamoja na timu. Nimewaomba wachukue ngoma moja tu, ya mti, na wakae pamoja nyuma ya goli la mbali. Walokele wa mto huu walijua tangu zamani kwamba ngoma ya mti husafiri mbali asubuhi na jioni, hewa inapotulia, na kwamba maji huibeba sauti yake. Hakuna maana ya kushindana na maelfu wakati wanapiga kelele. Wangoje. Timu ikifanya kazi yake, uwanja utapoa wenyewe, na hapo ngoma moja itatosha.

Yangu ni haya. Nataka mapumziko yafike sifuri kwa sifuri. Nataka kona moja katika kipindi cha pili, baada ya beki wao mrefu kuchoka, na mpira upigwe chini kwenye nguzo ya kwanza, kwa sababu hewani watatushinda. Sare nitaipokea kwa mikono miwili, maana marudiano ni huku. Tukifungwa, iwe kwa bao moja, na letu liwemo. Na kocha wetu, ambaye huwa na haraka ya kubadilisha watu kila anapoona mtu anatembea, ningemwomba jambo moja kwa heshima: Papa, dakika ya sabini utamwona namba sita anatembea, mikono kiunoni, mpira uko mbali naye. Usimtoe. Wakati huo anahesabu nani kati yao amechoka, na wewe unahitaji hesabu hiyo kuliko miguu mipya.