Kuvaa na Kufungasha kwa Mvua ya Tawa

Mvua kubwa ya Tawa, katika kaunti ya Makueni nchini Kenya, huanza Oktoba na kuisha Desemba, na kilele chake huwa Novemba. Mgeni akisikia inaitwa mvua fupi huidharau, ilhali mkulima wa Ukambani huitegemea kuliko ile ndefu ya Machi hadi Mei. Mara nyingi hushuka kwa kishindo, alasiri au usiku, kwa matone mazito, kisha anga ikafunguka na jua likarudi. Juni hadi Agosti mambo ni mengine: bondeni ni baridi kavu, lakini juu ya milima ya Mbooni ukungu hutanda na manyunyu yakaendelea nusu ya siku. Mtu anayetoka Tawa kwa miguu kupanda Mbooni, au kuteremka upande wa Kalawa hadi mto Athi, huanza kwa kujua atakutana na mvua ipi, kwa sababu nguo zinazofaa kwa moja huwa mzigo katika nyingine.

Mafunzo mengi ya kuvaa kwa ajili ya mvua yametoka katika nchi za baridi, ambako mvua ni nyembamba, ndefu na ya kuganda mifupa. Huko lengo kuu ni kuzuia maji yasipenye. Charles Macintosh wa Uskoti alipata hataza ya kitambaa chenye tabaka la mpira mwaka 1823, na kitambaa hicho kilizuia mvua vizuri sana, ila jasho nalo halikuwa na pa kutokea. Mwaka 1969 Robert Gore, Mmarekani, aligundua namna ya kuvuta kwa ghafla plastiki ya PTFE ikawa utando wenye vitundu vidogo mno: tone la maji haliwezi kupita, mvuke wa jasho unapita. Majaketi ghali ya leo yamejengwa juu ya wazo hilo.

Mvuke huo, hata hivyo, hausafiri bila kusukumwa. Hutoka ndani ya jaketi kwenda nje pale tu hewa ya ndani inapokuwa na unyevu mwingi kuliko ya nje. Katika baridi tofauti hiyo ni kubwa. Alasiri ya Novemba, kwenye mteremko chini ya Mbooni, hewa yenyewe imeshajaa unyevu na bado ina joto, kwa hiyo mpandaji anatoa jasho ambalo utando hauna mahali pa kulipeleka. Baada ya nusu saa ya kupanda shati limelowa kwa ndani, na mvua haijahusika. Ndiyo maana jaketi la bei kubwa, ambalo wengi hulinunua kwanza, ndicho kitu kinachoweza kungoja kuliko vyote.

Pesa na akili vielekezwe kwanza kwenye nguo inayogusa ngozi. Mwili wa anayetembea kwenye mvua ya joto utalowa, na kosa si kulowa bali kubaki umelowa baada ya kusimama. Maji hupitisha joto la mwili haraka kuliko hewa tulivu kwa takriban mara 25. Pamba huyanywa maji hayo na kuyashikilia; suruali ya jinzi iliyolowa hugeuka kuwa mzigo unaonyonya joto la mapaja hadi nyumbani. Poliesta hainywi maji karibu hata kidogo, na jezi ya kawaida ya mpira wa miguu, ile inayouzwa katika kila soko la mitumba, hukauka mwilini wakati mtu anaendelea kutembea. Kwa kazi hii jezi hiyo inalishinda shati zuri la pamba bila ubishi.

Juu ya jezi, kwa ajili ya kilele na kwa ajili ya jioni, panahitajika sufu. Sufu huweza kubeba unyevu unaokaribia theluthi ya uzito wake na bado ikahifadhi joto. Tatizo ni kuitambua, kwa kuwa kwenye rundo la mitumba masweta mengi yanayofanana nayo ni ya akriliki. Kibandiko cha ndani kikiwa kimekatwa, uzi mmoja uliong'olewa kwenye pindo na kuchomwa kwa kiberiti hutoa jibu: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kubaki majivu yanayosagika kwa vidole, akriliki huyeyuka na kuacha kishanga kigumu. Sweta hilo husafiri ndani ya mkoba, likiwa kavu, na halivaliwi wakati wa kupanda. Joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu digrii kwa kila mita 100 za mwinuko, na upepo wa kileleni ukimkuta mtu aliyelowa, mwili unaweza kupoa kwa kiwango cha hatari hata katika hali ya hewa ambayo mtu mkavu angeiita ya kupendeza.

Kwa tabaka la nje, mvua ya Tawa inayoshuka wima bila upepo mwingi inakubaliana na kitu cha kale na cha bei nafuu: mwavuli. Unaziba kichwa na mabega, na hewa inazunguka chini yake. Haufai ukingoni mwa mlima wala penye ngurumo, na haufai mikono yote miwili inapohitajika. Hapo poncho pana ya nailoni, inayofunika mtu pamoja na mkoba wake, ni bora kuliko jaketi la kubana, kwa sababu iko wazi pande zote na jasho linapata njia. Kwa manyunyu ya Julai, jaketi jepesi lenye kofia linatosha.

Sehemu ngumu kuliko zote ni miguu. Miteremko ya Mbooni imekatwa kwa matuta ya fanya juu, ambapo mtaro huchimbwa kufuata kontua na udongo wake kutupwa upande wa juu. Jina hilo la Kiswahili linatumika katika vitabu vya kilimo duniani kote. Matuta huyapunguza maji mwendo shambani, lakini vijia vinavyoshuka katikati ya mashamba havina kinga hiyo na hugeuka vijito. Udongo mwekundu wa hapo ukilowa huteleza kama sabuni. Kinachomshikilia mtu ni meno ya soli, yaliyo marefu na yaliyoachana, ili tope lidondoke badala ya kujaa. Soli ya raba ya mjini iliyolainika haina kazi hapa.

Buti za mpira, gambuti, zinalinda vizuri shambani na kwenye tope la bonde. Kwa safari ndefu huchubua visigino, na zikiingiwa na maji kwa juu kila mguu unageuka ndoo. Akala za tairi haziogopi maji na hukauka papo hapo, ila tope likiingia kati ya unyayo na mpira, mguu huteleza ndani ya kiatu chenyewe, na kwenye mteremko huko ndiko kuteguka kifundo. Kinachofanya kazi ni raba nyepesi ya kitambaa cha wavu yenye meno, pamoja na soksi za sufu: maji huingia, na kwa kila hatua hutoka. Fimbo imara huongeza mguu wa tatu.

Hakuna kifaa kinachomruhusu mtu kuvuka mto uliofurika. Mito mingi ya Makueni na Kitui ni ya mchanga mtupu kwa miezi, kisha hujaa kwa mvua iliyonyesha mbali ambayo anayevuka hakuiona. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilizama katika mto Enziu, karibu na Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Anayetembea kwa miguu ana uzito mdogo kuliko basi. Maji ya kasi yanayofika magotini yanatosha kumwangusha. Ukuta wa bwawa la mchanga, unaokatiza mto na kutumika kama daraja wakati wa kiangazi, huota utelezi maji yanapopita juu yake. Kwa hiyo katika mkoba huwekwa chakula na tochi vya kumwezesha mtu kungoja ng'ambo hadi maji yapungue.

Mkoba nao hauaminiki kuzuia maji, hata ukiandikwa hivyo, kwani mishono na zipu huvuja. Zamani kila kitu kilifungwa kwenye juala, lakini Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika misitu na mbuga zilizohifadhiwa. Gunia la plastiki iliyofumwa, lile la mahindi, hupitisha maji katikati ya nyuzi. Mfuko mzito usiovuja, unaokunjwa mdomo mara tatu na kufungwa, hudumu miaka, na ndani yake hukaa sweta, soksi kavu, kiberiti na simu. Vitu hivyo vinne vikiwa vikavu, vingine vyote vinaweza kulowa.

Baada ya safari, tope huoshwa kabla halijakauka. Raba hujazwa magazeti, yanayobadilishwa yanapolowa, na kuwekwa kivulini penye upepo. Kando ya jiko gundi huachia na soli hubanduka. Sweta la sufu hulazwa juu ya mkeka badala ya kutundikwa, kwa maana uzito wa maji hulivuta likapoteza umbo. Poncho na mwavuli hukunjwa vikiwa vikavu kabisa, la sivyo ukungu hula kitambaa kabla mvua ya Machi haijafika.