Shingo ya Kijiko

Kijiko kizuri hakina mstari ulionyooka. Kilaze chali mezani, kisha inama ukitazame kwa ubavu, macho yakiwa usawa wa meza. Mpini huanzia kwenye ncha inayogusa meza, hupanda taratibu mpaka kileleni jirani na shingo, halafu huteremka ghafla na kufunguka kuwa kibakuli cha kuchotea. Kijiko chote kinagusa meza mahali pawili tu, na katikati kidole kinapita. Kijiko hafifu hulala karibu chote, na kukiokota juu ya kitambaa cha plastiki kilicholowa ni kazi ya kucha.

Naanza na umbo kwa sababu wanunuzi wengi huanza na mng'ao, na mng'ao ndio sehemu rahisi kuliko zote kutengeneza. Bamba la chuma linaweza kufika kiwandani likiwa tayari linang'aa. Mashine inalikata, inalikandamiza kwenye kalibu, na kijiko kinatoka na uso wa kioo kabla ya mtu yeyote kukishughulikia. Uso huo hausemi lolote kuhusu kitakavyokuwa baada ya miaka mitano. Wenye kuzoea uhakiki wa fasihi wanajua kutenganisha fani na maudhui, lakini kwenye kijiko mgawanyo huo haufanyi kazi: fani ndiyo maudhui yenyewe, na sehemu ya kuisoma kwa makini kuliko nyingine ni shingo.

Shingoni ndipo nguvu ya mkono inapokusanyika. Mtu anayekwangua ukoko wa wali uliogandamana chini ya sufuria anashika mpini kwa kiganja kizima na kusukuma. Kibakuli kimekwama, mkono unaendelea, na sehemu nyembamba kati yao ndiyo inayojibu. Mtengenezaji anayetaka kubana gharama hukata vijiko kwenye bamba la unene mmoja, mara nyingi milimita moja na kitu, kwa hiyo shingo inakuwa nyembamba kwa upana bila kufidiwa kwa unene. Anayejali huupitisha mkato huo kwenye roli kabla ya kuufinyanga, chuma kikasambazwa upya: kibakuli kikawa chembamba kiasi cha kupendeza mdomoni, na shingo ikabaki nene. Ukipitisha kidole gumba na cha shahada juu na chini ya kijiko cha namna hiyo kutoka ncha mpaka ncha, unene unabadilika chini ya vidole. Kwenye kijiko cha bei ya chee haubadiliki popote.

Jaribio la dukani ni hilo, pamoja na la pili: weka gumba juu ya shingo, ukishike kijiko pande zote mbili, ukibonyeze kwa nguvu ya kawaida tu. Kikiyumba, kirudishe. Muuzaji akinuna, anune. Usijidanganye kwamba kikipinda utakinyoosha nyumbani. Chuma cha aina hii kila kikikunjwa huzidi kuwa kigumu pale pale penye mkunjo, na baada ya kukunjwa na kunyooshwa mara kadhaa hupasuka.

Tatizo hili la shingo lilikwishatatuliwa pwani yetu zamani, kwa njia nyingine. Upawa wa kifuu cha nazi hauna shingo kabisa. Kifuu kinatobolewa matundu mawili, mpini wa mti unapitishwa kutoka tundu moja hadi la pili, na uzito wa mchuzi unabebwa na kuta mbili badala ya moja. Mpini ukioza unachongwa mwingine. Kama fani, upawa umefikiriwa zaidi ya nusu ya seti za vijiko ninazoziona zikifungwa karatasi ya zawadi kwa ajili ya kicheni pati.

Seti hizo zinastahili neno. Zinakuja kwenye sanduku lenye dirisha la plastiki, na dirisha linaonyesha mahali pamoja tu: ncha za mipini, penye maua. Ua lililokandamizwa kwenye ncha haliongezi nguvu yoyote. Tuta linalokimbia kwa urefu wa mpini mpaka kuvuka shingo ni jambo tofauti. Hilo hufanya kazi ile ile ya migongo ya bati la paa, ambalo bila mikunjo yake lingejikunja mikononi mwa fundi. Kwa hiyo pambo lisidharauliwe lote. Uliza tu linaishia wapi. Likikoma kabla ya shingo, ni urembo. Likiivuka, kuna mtu alifikiri. Zile za rangi ya dhahabu zinazopendwa kwenye harusi siku hizi nitazipita haraka: nzuri zimepakwa tabaka gumu la nitridi ya titani, dhaifu zina rangi itakayochubuka, na dirishani zote zinafanana.

Kutoka shingoni nenda kwenye kingo. Mkasi wa mashine huacha ukingo mkali, na kuuondoa kunataka muda na mikono. Zungusha ncha ya kidole kwenye mdomo wa kibakuli. Ukikwaruzwa, mdomo nao utakwaruzwa. Kisha chukua uma. Pwani uma si chombo cha kila siku, katika nyumba nyingi hukaa kabatini ukisubiri mgeni, ila kwa mhakiki ndio kipande chenye ushahidi mwingi zaidi. Tazama kati ya meno. Pande za nje za meno husuguliwa kila mahali. Pande za ndani, zile zinazotazamana, ni za kufikia kwa shida. Ukikuta michirizi ya mkato, weusi, au jino moja pana kuliko jirani yake, umejua kiwanda kilifanya nini mahali kilipodhani hutatazama. Mimi ningehukumu seti nzima kwa mianya hiyo mitatu ya uma, hata kama nyumba husika haitumii uma kamwe.

Baada ya umbo, chuma chenyewe. Imeenea imani kwamba sumaku ndiyo hakimu: ikinasa, ni bati tu, isiponasa, ni steli halisi. Imani hii ina nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki inawagharimu watu fedha.

Nyuma ya mipini mizuri huwa kuna namba mbili, kwa mfano 18/10, 18/8 au 18/0. Ya kwanza ni asilimia ya kromi, ya pili ni ya nikeli. Kromi ndiyo inayozuia kutu kwa kutengeneza utando mwembamba mno juu ya chuma, utando unaojirudisha wenyewe ukikwaruzwa mradi hewa ipo. Nikeli huongeza ustahimilivu, hasa mbele ya siki na limau, na ndiyo inayobadilisha mpangilio wa ndani wa chuma hata sumaku isinase. Kijiko cha 18/0 hunaswa na sumaku, na bado ni chuma kisichoshika kutu, cha daraja la chini kidogo. Kati ya 18/8 na 18/10 mlaji wa kawaida hataona tofauti, ingawa muuzaji atamtoza.

Visu ndivyo vinavyoonewa zaidi. Mtu ananunua seti ya 18/10, anapitisha sumaku, vijiko vinapita na visu vinanasa, anaamini ametapeliwa. Hapana. Kisu na kijiko vina nasaba mbili. Mwaka 1913 huko Sheffield, Uingereza, Harry Brearley, aliyekuwa akitafuta chuma bora cha mitutu ya bunduki, alipata chuma chenye karibu asilimia 13 ya kromi, bila nikeli, kinachoweza kukomazwa kwa moto na kushika makali. Mwaka uliotangulia, wataalamu wa kampuni ya Krupp huko Ujerumani walikuwa wamekwisha kuomba hataza za chuma chenye kromi na nikeli pamoja, kisichokomazwa kwa moto. Makali ya kisu bado yanahitaji ukoo wa Sheffield, nao hunaswa na sumaku. Kijiko hakihitaji makali.

Kibaya zaidi, sumaku huweza kumwachia mkosaji. Viwanda vinavyokwepa bei ya nikeli hutumia chuma ambacho sehemu kubwa ya nikeli imebadilishwa kwa manganizi. Hicho nacho sumaku hainasi, au hunasa kidogo sana, huku kikipata kutu upesi kuliko 18/8. Kwa upande mwingine, kijiko halali cha 18/8 kilichofinyangwa kwa nguvu kinaweza kuivuta sumaku kidogo pale kwenye shingo, kwa sababu kukandamizwa hubadilisha chuma mahali hapo. Basi hakimu wetu anaweza kumfunga mwema kwa kuwa na shingo imara.

Mtu wa Dodoma anaweza kuyapuuza haya miaka kadhaa. Wa Kimbiji hawezi. Kata hii iko ukingoni mwa bahari huko Kigamboni, eneo lililokuwa Temeke kabla ya wilaya kugawanywa, na upepo unaingia jikoni na chumvi yake. Chumvi ndiyo adui hasa wa ule utando wa kromi: haiushambulii wote, huutoboa nukta kwa nukta, na kijiko kikaonyesha vidoa vya kahawia vidogo kuliko punje ya ulezi. Maji ya kisima yenye chumvi yakiachwa yakauke juu ya kijiko usiku kucha hufanya hivyo hivyo. Kijiko kinachoishi ndani ya kopo la chumvi huanza kuoza kabla ya wenzake. Wengine huongeza madhara kwa nia njema, wakiloweka vijiko kwenye jiki viwe vyeupe, au wakivisugua kwa stili waya ambayo huacha chembe zake za chuma cha kawaida juu ya kijiko. Chembe hizo zikishika kutu, lawama inabebwa na kijiko.

Kwa hiyo nikiulizwa nichague kimoja, shingo nene ya 18/0 au shingo nyembamba ya 18/10, huku pwani najikuta nikijibu tofauti na ambavyo ningejibu bara, lakini si tofauti sana. Vidoa vya chumvi huzuilika kwa kukausha vyombo kwa kitambaa. Wembamba wa shingo hauna dawa. Nachukua nene, na nakausha.

Anayetaka kuthibitisha asiende dukani. Aende kwenye shughuli, afunue kreti la vyombo vya kukodi kabla pilau haijapakuliwa. Humo vijiko vya seti nyingi vimechanganyika, vimetumika kwa wali wa mamia ya watu, vimeoshwa na mikono isiyovionea huruma, na vilivyopinda vimekwisha kutupwa. Vilivyobaki karibu vyote ni vya umbo sahili, vizito, vyenye tuta linalovuka shingo. Mwenye navyo huwa amevitia alama ya rangi visipotee, na kwenye vile vichache vya maua rangi hiyo imebaki ndani ya mifereji ya petali, ilhali kwenye mipini laini imebanduka na anapaka upya kila msimu wa harusi.