Salamu katika Barua za Askari

Wahenga walinena kuwa barua ni nusu ya kuonana. Methali hiyo ilitiwa mizani katika vita vya 1939 hata 1945, zama ambazo watu zaidi ya 80,000 wa Tanganyika waliingia jeshini, na wengi wao wakapelekwa Uhabeshi, Bukini na Burma. Kwa kijana aliyetoka Kimwani, kando ya Ziwa Viktoria, na kwa mamaye aliyebaki chini ya migomba, nusu hiyo ndiyo iliyokuwa kuonana kote.

Msomaji wa leo azishikapo barua za askari hao huona upungufu mmoja. Salamu ni nyingi, habari ni chache. Nusu ya karatasi humalizwa na baba, mama, wajomba na majirani; hufuata neno la kuwa mwandishi ni mzima, kisha maswali juu ya shamba na ng'ombe. Vita havimo. Hivyo ni rahisi kuhukumu kuwa waandishi hawa hawakuwa na la kusema. Hukumu hiyo si ya haki.

Kwanza, barua za jeshini zilikaguliwa, na mahali, safari na majeruhi havikuruhusiwa kutajwa. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail ilizamishwa katika Bahari ya Hindi, na watu zaidi ya 1,200 wakafa, wakiwemo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Habari ya namna hiyo haikuwa na njia ya kupita barua.

Pili, barua hiyo haikuwa siri ya watu wawili. Askari asiyejua kuandika aliandikiwa na mwenzake kwa Kiswahili. Mama aliyejua Kihaya tu alisomewa na mwalimu au katekista, naye akamfasiria mbele ya jamaa. Maneno yalipita vinywa vitatu kabla ya kumfikia. Waraka wa namna hiyo ni baraza. Anayetajwa yupo barazani. Anayeachwa ana haki ya kununa.

Tatu, katika Kihaya maamkizi hubadilika kwa umri, jinsia na udugu. Neno moja la Kiswahili, salamu, halina uwezo wa kubeba tofauti hizo. Kazi hiyo ilifanywa na mpangilio wa majina: mkubwa mbele, mdogo nyuma, kila mtu katika daraja lake. Basi orodha inayomchosha msomaji ndiyo habari yenyewe: kijana anauweka ukoo wake sawa akiwa mbali nao.

Yafaa kulinganisha barua hizo na Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, uliochapishwa mwaka 1967. Mtungaji huyo alikuwa mtumishi wa serikali, hakwenda mapiganoni. Hata hivyo utenzi wake ndio unaosimulia vita vya mataifa. Aliyekuwapo msituni Burma huuliza kama kahawa imevunwa. Utenzi ulitungwa ili watu waijue vita. Barua iliandikwa ili mama alale usingizi. Kila kimoja kipimwe kwa kusudi lake.

Walakini mhakiki asiigeuze huruma kuwa sifa. Mwandishi aliyewaandikia wenzake wengi alitumia maneno yale yale kwa wote, hata sauti ya mmoja ikapotea katika sauti ya kikosi. Tena neno "mzima" lilikuwa kweli siku lilipoandikwa tu. Lilisafiri majuma mengi baharini, kwa reli, kisha kwa meli ya ziwani hadi Bukoba. Na aliyelisikia hakuwa na hakika kwamba aliyelisema bado yu hai.

Kwa hiyo mwanafunzi atakayezisoma barua hizi asizirukie salamu kutafuta habari. Azihesabu, aone mahali desturi inapovunjika: jina lililotangulizwa kinyume cha umri, ndugu aliyetajwa mara mbili, swali la shamba lililorudiwa baada ya kwaheri. Mara nyingi hapo ndipo kijana mwenyewe alipomnyang'anya mwandishi kalamu, japo kwa mstari mmoja.