Picha ya Jamaa na Mtoto Aulizaye

Msomaji, yamkini ukutani mwa sebule ya kwenu pametundikwa picha ya jamaa. Umepita mbele yake mara nyingi mno, hata huioni tena. Wawajua waliomo: huyu babu, huyu nyanya, huyu baba alipokuwa kijana. Walakini, je, umepata kujiuliza kwa nini babu ameketi na wengine wamesimama, nani aliyechagua mavazi yale, na ni nani ambaye hayumo? Picha ya jamaa hutazamwa na wengi, lakini husomwa na wachache. Katika insha hii nakuomba tufuatane mpaka Uchina, nchi ambayo sanaa hii ni ya kale na kanuni zake ni dhahiri, ili tujifunze kuisoma.

Tuanze na picha za wahenga zilizochorwa katika zama za wafalme wa Ming (1368–1644) na wa Qing (1644–1912). Aliyechorwa huketi kitini, ameelekea mbele moja kwa moja, masikio yote mawili yakionekana, na viganja vyake aghalabu vimefichwa ndani ya mikono mipana ya joho. Hacheki wala hakunji uso. Kama alikuwa mtumishi wa dola, kifuani pana kiraka cha mraba kilichotariziwa: ndege kwa watumishi wa serikali, mnyama kwa maofisa wa jeshi. Ndege aitwaye korongo alikuwa alama ya daraja ya kwanza. Mtoto aliyefundishwa vema aliweza kujua cheo cha babu wa babu yake kabla ya kumtazama usoni.

Ukizilinganisha picha kadhaa za namna hii, utagundua jambo la ajabu. Miili yafanana kana kwamba imefinyangwa katika kalibu moja, lakini nyuso ni za watu mbalimbali: huyu mashavu yamebonyea, yule ana makunyanzi kando ya macho. Uso ulikuwa wa mtu mwenyewe. Mwili ulikuwa wa cheo chake. Tena, mara nyingi mchoraji aliitwa baada ya mtu kufa, naye hakupata kumwona hata siku moja. Alikuja na mifano ya macho, pua na midomo ya kila namna, na waliofiwa wakachagua: macho ya baba yalikuwa kama haya, pua yake kama hii. Hebu fikiri watoto walioketi kuzunguka mifano hiyo, mmoja akisema hivi na mwingine akikataa, wakijaribu kukubaliana juu ya uso wa mzazi ambao wameanza kuusahau.

Wako wakosoaji wanaozilaumu picha hizi kwa ukavu wao. Husema kwamba hazina uhai wala mwendo. Mimi naona lawama hiyo haikupima kitu kwa kipimo chake. Picha hizi hazikuchorwa ili kuburudisha wageni. Zilikunjwa na kuhifadhiwa, na Mwaka Mpya wa Kichina ulipofika zilitundikwa, vyakula vikatengwa mbele yake, udi ukafukizwa, na jamaa wakainama kwa heshima, wakubwa kwa wadogo. Mtu anayeinamiwa hapaswi kuwa akicheka upande au akitazama dirishani. Utulivu wake ndio adabu yake, na kwa watoto ulikuwa somo: wewe umetoka mahali fulani, na hapo ulipo pana zamu yako.

Somo hilo lilitiliwa nguvu na lugha yenyewe. Mchina hana neno moja tu la kumwita ndugu yake wa kiume; kaka mkubwa ni gege, mdogo ni didi. Baba wa baba haitwi kama baba wa mama. Sisi tunaotofautisha mjomba na baba mdogo, na shangazi na mama mdogo, hatuwezi kushangaa sana. Katika koo nyingi watoto wa kizazi kimoja walishirikishwa neno moja katika majina yao, na maneno hayo yaliwekwa tayari kwa vizazi vingi vijavyo, pengine yakipangwa kama shairi. Basi mtu aliposikia jina la nduguye wa mbali alijua papo hapo kama amwamkie kama baba, kama ndugu au kama mwana.

Kosa la picha hizi, kwa maoni yangu, si ukavu bali ni ukimya. Mtazame mke aliyechorwa kando ya mumewe. Ameketi kiti sawa na chake, kimo sawa na chake, naye amevaa kiraka chenye cheo. Twaweza kudhani ameheshimiwa kamili. Lakini cheo kile ni cha mumewe, na tukifungua kitabu cha nasaba cha ukoo, mara nyingi twamkuta mke ameandikwa kwa jina la ukoo wa baba yake tu, na binti zake pengine hawakuandikwa kabisa. Picha yatuonyesha mama. Kitabu chamficha binti. Asomaye kimoja na kuacha kingine hajaisoma jamaa hiyo.

Kamera ilipofika Uchina katika karne ya 19, watu hawakuiacha desturi ya kale mara moja. Katika nyumba za wapiga picha waliketi vilevile, wameelekea mbele, pengine na meza ndogo kati yao yenye kikombe cha chai au chungu cha maua. Chombo kilikuwa kipya, lakini adabu ilikuwa ileile.

Kisha mnamo 1966 yalianza Mapinduzi ya Utamaduni, yaliyodumu hadi 1976. Vijana walihimizwa kuharibu fikra za kale, utamaduni wa kale, mila za kale na mazoea ya kale. Vitabu vya nasaba na picha za wahenga vilichomwa kwa wingi. Jamaa wengine walificha picha zao, na wengine waliziharibu kwa mikono yao wenyewe wakiogopa zisije zikawatia hatiani. Fikiri, msomaji, maana ya kuuchoma uso ambao ulifundishwa kuuinamia.

Mvulana mmoja aliyekuwa na umri wa miaka 8 mwaka ule ni Zhang Xiaogang, aliyezaliwa 1958 katika mji wa Kunming. (Zhang ndilo jina la ukoo, kwa maana Wachina hutanguliza ukoo.) Wazazi wake walichukuliwa wakapelekwa mbali na watoto wao, na mama yake aliugua maradhi ya akili. Zhang alikua akawa mchoraji. Baada ya safari ya Ujerumani mwaka 1992 alirudi kwao, akazikuta picha za zamani za jamaa yake. Katika moja alimwona mama yake akiwa kijana mzuri, mtulivu, asiyefanana na mgonjwa aliyemjua yeye. Kutokana na picha hizo akaanza mfululizo wa michoro aliouita Ukoo wa Damu: Jamaa Kubwa.

Katika michoro hiyo mara nyingi tunamwona baba, mama na mtoto mmoja. Nyuso ni laini, za kijivu, zinafanana mno. Mavazi ni yale ya sare ya nyakati zile. Macho yanatutazama kana kwamba yanataka kulia na yamekatazwa. Mahali pengine mtoto amepakwa rangi nyekundu au ya manjano, ilhali wazazi ni wa kijivu. Juu ya shavu moja pana baka la mwanga kama alama ya kuzaliwa. Na kutoka mtu hadi mtu umepita uzi mwembamba mwekundu, mwembamba hata mtazamaji wa haraka haugundui. Huo ndio ukoo.

Mwaka 2014 mchoro mmoja wa mfululizo huu uliuzwa Hong Kong kwa zaidi ya dola milioni 94 za huko. Bei si hukumu ya sanaa, nasi tutoe hukumu yetu. Ubora wa Zhang ni huu: aliigeuza kanuni ya wahenga. Wao waliufanya mwili kuwa wa cheo na uso kuwa wa mtu. Yeye alituonyesha zama ambazo hata uso ulitakiwa uwe sare, na penzi la jamaa likabaki katika uzi mmoja. Ila yake ni kwamba aliyarudia mambo yaleyale mara nyingi, na kitu kinachouma mara ya kwanza huweza kuwa mapambo mara ya ishirini. Hata hivyo michoro ya kwanza haijapoteza nguvu zake, kwa kuwa haikuanzia katika wazo. Ilianzia kwa mwana aliyeishika picha ya mama yake asimtambue.

Basi rudi sebuleni kwenu. Mchukue mdogo wako mkono, msimame mbele ya picha ile. Mwulize ni nani aliyeketi na ni nani aliyesimama. Ni mavazi ya nani, ya mtu au ya siku hiyo. Ni nani asiyeonekana. Mtakaposhindwa kujibu, mwendeeni nyanya angali yupo, kwa maana asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Pengine atacheka, pengine atanyamaza kitambo kabla ya kulitaja jina ambalo halijatajwa nyumbani kwa miaka mingi. Msimharakishe. Wana wa Kichina walioketi mbele ya mifano ya macho na pua walichelewa kuuliza. Mzazi alikuwa amekwisha kuondoka, nao wakabaki kubishana juu ya sura yake.