Shingo Kwanza, Umbo Baadaye

Gitaa la kwanza la umeme huchaguliwa kwa kiganja na kwa sikio, macho yakafuata mwisho. Anayetaka kujifunza bluzi na jazi huanza kwa kuhangaishwa na umbo: achukue gitaa la ubao mzima, au lile lenye uwazi ndani? Waliotangulia wamekwisha kututoa wasiwasi huo.

Mwaka 1939 Charlie Christian, kijana aliyekulia Oklahoma City, alijiunga na bendi ya Benny Goodman akiwa na Gibson ES-150, gitaa lenye uwazi ndani lililotoka mwaka 1936. Katika bendi kubwa za wakati ule gitaa lilikuwa la rithimu, likimezwa na tarumbeta na saksofoni. Umeme ulimwezesha Christian kusimama na kupiga solo bega kwa bega na wapulizaji. Alifariki mwaka 1942 akiwa na miaka 25, na njia aliyoifyeka ndiyo wanayopita wapiga gitaa la jazi hadi leo. Mtu angeweza kusema basi kwamba jazi inataka gitaa lenye uwazi. Lakini Ed Bickert wa Kanada alipiga jazi laini mno kwa Telecaster, gitaa la ubao mzima, aina ileile ambayo Muddy Waters aliipigia bluzi nzito za Chicago. Umbo halikumzuia yeyote kati yao.

Ufundi wenyewe umejificha chini ya nyuzi. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya huo na kwenda kwenye amplifaya. Pikapu ya koili moja hutoa sauti kali na angavu, ila hudaka pia mvumo wa umeme wa nyumba. Mwaka 1955 Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson, aliunganisha koili mbili zilizopangwa kinyume, mvumo wa moja ukaufuta wa nyingine, na sauti ikatoka nene na tulivu. Mwanafunzi anaweza kuanza na aina yoyote kati ya hizo, mradi pikapu ya upande wa shingo iwe na sauti nzuri. Akipunguza toni kidogo, atapata utamu wa jazi. Akiongeza nguvu ya amplifaya hadi sauti ianze kukwaruza, bluzi itaitika.

Mkono wa kushoto ndio unaodai zaidi. Kwenye magitaa mengi ya Fender, kampuni ya Telecaster, uzi hupita takribani milimita 648 kutoka kichwa kinapoishia hadi kwenye daraja, pale nyuzi zinapoegemea mwilini mwa gitaa. Kwenye mengi ya Gibson ni takribani 628. Huo ufupi hulegeza uzi, na anayepiga bluzi huushukuru kila anapouvuta pembeni ili noti ilie. Pitisha kidole ukingoni mwa shingo: ncha za freti, vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo, zisikwaruze. Piga kila uzi kwenye kila freti, ukisikiliza kama kuna noti inayofifia au kukwama. Kisha gusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12 na uupige, halafu ubane palepale na upige tena. Noti mbili hizo zisipolingana, gitaa linahitaji kurekebishwa kwenye daraja. Nyuzi zikikaa juu mno, fundi anaweza kuzishusha, na fedha ya kazi hiyo itengwe kabla ya kufikiria rangi.

Leo Fender, aliyeileta Telecaster duniani, hakujua kupiga gitaa. Alikuwa fundi redio wa Fullerton, California, na alijifunza kwa kuwasikiliza wapigaji. Shingo ya gitaa lake aliifunga kwa skrubu nne, ili ikiharibika ifunguliwe na kubadilishwa. Hiyo ni heshima ya fundi kwa mtu atakayekitumia chombo, na ndiyo ninayoitafuta ninapomsaidia mtu kuchagua.

Mwanafunzi anastahili gitaa linalosema kweli: noti ikikosewa, ajue ni kidole chake cha kurekebisha, ikitoka safi, ajue ni jasho lake. Gitaa la namna hiyo laweza kuwa la bei ndogo, hata lililotumika, ikiwa limepita mikononi mwa fundi anayejali kazi yake.